Maghorofa Yakaguliwe, na Ripoti Tuzione

Makamanda, najua mlitegemea niongelee tume ya uchaguzi. Leo naongelea nguzo za maghorofa.

Tarehe 6 Februari 2023 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliipiga Uturuki. Walikufa zaidi ya watu 50,000 nchini humo. Kanuni nzuri za ujenzi walikuwa nazo. Lakini mwaka 2018, uchaguzi ukikaribia, serikali ilitoa msamaha: umejenga kinyume cha sheria? Lipa ada, unahalalishiwa. Uimara wa jengo ukaachwa kuwa jukumu la mwenye nyumba. Karatasi zikabadilika, nguzo zikabaki zilezile.

Na msiseme hayatuhusu. Bukoba tulizika watu mwaka 2016. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la baharini liliitikisa Dar. Kariakoo, Novemba 2024, jengo liliporomoka bila hata tetemeko.

Tetemeko hulisukuma jengo ubavuni, huku na huku. Sasa tazama maghorofa yetu mengi: chini fremu za maduka, uwazi mtupu, juu vyumba vyenye kuta. Kishindo chote kinaishia kwenye nguzo za chini. Zikivunjika hizo, ghorofa za juu zinalaliana kama chapati.

Hili linapimika. Mhandisi analinganisha ramani iliyopitishwa na kilichojengwa kweli, anakata vipande vya zege vikapimwe maabara, anatafuta nondo kwa kifaa bila kubomoa. Na linarekebishika: nguzo zinavalishwa nondo na zege jipya kwa nje, au panaongezwa kuta za zege kuanzia kwenye msingi. Ni gharama, ndiyo, na mwenye jengo hataki kufunga fremu hata mwezi mmoja. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia aamue peke yake.

Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaeleza namna ya kuiomba. Basi kila tawi liiandikie halmashauri yake: maghorofa gani yamekaguliwa, na nani, yamekutwa na nini, na mwenye jengo kaagizwa kufanya nini, mpaka lini? Rasimu ya barua nimewapa makatibu. Jazeni jina la mtaa, pelekeni, na msiondoke pale kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa.