Kumtafuta Babu Aliyekwenda na Mizigo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ifakara)



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu tumeombwa kusema juu ya mambo ya kale. Habari za mizani, ghala na bei ya mpunga wapo wazijuao kuliko sisi. Twapenda kumsema mtu mmoja tu, babu wa baba yetu, ambaye kwa ajili yake nyumba yetu na nyumba ya jirani zetu, wanachama wote, zilikaribia kushtakiana kwa shamba moja la mbugani.

Wakubwa wa bonde hili wameandikwa. Mwaka 1935 Bwana na Bibi Culwick walitoa kitabu juu ya Wabena wa Ulanga, na Mtema Towegale Kiwanga ana sura yake humo. Lakini mkulima aliandikwa wapi? Wadachi, yaani Wajerumani, walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, walitaka kujua nyumba na rupia, si ukoo.

Basi tulianza kwa wazee. Walitupa neno fupi: alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo, Wabelgiji walipokaribia Mahenge, wala hakurudi. Neno hilo ni sawa na tarehe, maana Wabelgiji waliingia Mahenge Oktoba 1917. Jeshi la Kidachi chini ya Tafel lilishika njia ya kusini, na Novemba likasalimu amri kwa kukosa chakula. Ikiwa askari walilala njaa, mpagazi je? Waingereza waliwaandika wapagazi wao kwa namba, na kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo. Aliyekamatwa na Wadachi siku zile za mwisho ni taabu kumkuta katika orodha yoyote.

Hapo tukakosea. Tulitafuta hati kwa jina la Ifakara, kumbe zamani hizo tulikuwa chini ya boma la Mahenge, na mto wenyewe uliandikwa Ulanga. Atakayekwenda Nyaraka za Taifa asisahau hayo, tena atafute msomaji wa Kidachi.

Kilichotufumbua macho ni daftari la ubatizo la misheni. Katika vyeti vya kodi babu yetu alikuwa mwana wa mtu mmoja; katika daftari ni mwana wa mtu mwingine, na kando yake pameandikwa "marehemu". Tulishikwa na fadhaa, hata wengine wakanong'ona kwamba sisi si wa ukoo ule. Ndipo tukamwendea shangazi yetu. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumewauliza wanaume tu.

Shangazi alicheka. "Mama yake alirithiwa na mdogo wa marehemu. Mlidhani nini?"

Kumbe jirani zetu ni wajukuu wa huyo mdogo. Shamba lilifyekwa na mkubwa, likatunzwa na mdogo aliyemlea mtoto wa nduguye na kumlipia kodi kwa jina lake. Kila nyumba ilikuwa na haki, na kila moja ilijua nusu ya habari. Mpaka umepimwa upya kwa kamba mbele ya wazee.

Kaburi halipo. Msimu huu, kabla ya kupanda, nyumba zote mbili zilikwenda shambani pamoja, na shangazi akalitaja jina lake kwa sauti.