Ushujaa wa Cull na Arnold Juu ya Rufiji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kanoni, Karagwe)



Mmenitaka niseme juu ya ushujaa wa warusha ndege vitani. Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano, maana uko katika nchi yetu, penye milango ya mto Rufiji.

Manowari ya Wadachi, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji nyuma ya mikoko. Waingereza walileta manowari mbili za kupita maji haba, Severn na Mersey, lakini wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha yao. Macho yao yalikuwa eropleni, iliyowaarifu kwa simu ya upepo kila kombora limeanguka wapi. Thamani ya simu hiyo ilijulikana hata kwetu: mwezi Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba ili kuvunja mtambo wake.

Tarehe 6 Julai 1915 walipiga wasifaulu. Tarehe 11 wakarudi. Bwana Cull alishika usukani, Bwana Arnold alishika simu. Makombora yalipoanza kuipata Königsberg, nayo ikaipiga eropleni, mashine ikaharibika. Arnold akaarifu kwamba wamepigwa, iletwe mashua. Kisha, huku ndege inashuka, akaendelea kuwaelekeza wapiga mizinga. Ndege ikaanguka mtoni, ikapinduka. Arnold akatupwa nje. Cull akazama nayo, amefungwa mkanda, hata akajinasua. Mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili, na siku ile ile Königsberg ikaangamia.

Mabwana, kazi ya Arnold ilikuwa kupeleka habari, kama ilivyo ya karani. Aliitimiza wakati ambapo hakuna mkubwa ambaye angemlaumu kwa kuiacha.

Lakini hesabu haijatimia. Wadachi waliiopoa mizinga 10 ya manowari ile, nayo ikakokotwa bara kwa nguvu za Waafrika. Cull na Arnold walipewa nishani. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Kalamu tunayo sisi. Nawaomba, kila mmoja akirudi kwao, aulize ni nani wa ukoo wake aliyechukua mizigo katika vita vile, alete jina lake liandikwe katika kurasa hizi.