Kurasimisha Ujuzi wa Fundi wa Mtaani

Kurasimisha ujuzi ni kumpima fundi aliyejifunza kazi nje ya chuo, kumwongezea anachopungukiwa, kisha kumpa cheti. Nchini Tanzania kazi hii hufanywa na VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Katika mitaa ya jiji kama Kaloleni, Arusha, njia ya kawaida ya kuingia gereji ni uanagenzi. Kijana huanza kwa kuosha vipuri na kumshikia fundi tochi. Spana huachiwa baadaye. Baada ya miaka kadhaa hutambua kwa sikio tu kwamba beringi ya gurudumu imekwisha. Lakini akiomba ajira kwenye kampuni huulizwa cheti, na hapo ujuzi wote huo huhesabiwa si kitu. Ni hasara kubwa, kwake na kwa mwajiri.

Katika kurasimisha, mpimaji humtazama fundi akiwa kazini na kumhoji kwa mdomo. Mara nyingi mikono huwa haina shida. Pengo huwa kwenye usalama kazini, usomaji wa michoro na mifumo ya umeme ya magari mapya. Hufundishwa hayo tu.

Mahojiano ya mdomo huwafaa wasiojua kuandika. Kiziwi, hata hivyo, ni lazima awekewe mkalimani wa lugha ya alama, na mama anayelea apangiwe saa zinazomfaa. Cheti humsaidia pia fundi mwenye ulemavu kutafuta ajira, kwani Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.