Damu Yako Inakumbuka Ulichofuturu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika siku ya mafunzo ya kujiandaa na Ramadhani)

  

Nimepewa dakika 20 nizungumze kuhusu chakula na afya. Sitawasomea orodha ya vyakula vizuri na vibaya, manake hiyo mumeisikia mpaka mumechoka. Nataka tuulizane swali moja tu: daktari anajuaje tunachokula?

Jibu la haraka ni kwamba anatuuliza. Na hapo ndipo penye kazi. Mtu akiulizwa jana alikula nini atataja wali na samaki. Vikombe vitatu vya chai ya sukari, kaimati alizodokoa jikoni, sambusa aliyopewa kwa jirani, havitaji. Si kwamba ni mwongo. Amesahau, au anaona haya, au kwake yeye hicho si chakula, ni kuonja tu. Watafiti wamelijua tatizo hili miaka mingi, ndiyo maana wakatafuta ushahidi ndani ya mwili wenyewe: katika damu, katika mkojo, hata katika nywele. Ushahidi huo huitwa viashiria vya kibayolojia. Sisi leo tuviite viashiria, tusichoshane.

Tuanze na chumvi. Sehemu kubwa sana ya chumvi tunayokula hutoka kwa mkojo. Kwa hivyo ukikusanya mkojo wa mtu wa saa 24 ukaupima sodiamu, huna haja ya kumuuliza kama huongeza chumvi mezani. Na mfano mzuri uko hapa hapa Kenya. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini kule magharibi wakaja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka wa 1990. Presha ya waliohamia mjini ilianza kupanda ndani ya mwezi wa kwanza! Na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi kwa kulinganisha na potasiamu, kuliko wa wale waliobaki. Sodiamu ndiyo ya chumvi, potasiamu twaipata kwa mboga, matunda, ndizi na viazi. Yaani chakula kilikuwa kimebadilika, na mkojo ukatoa habari.

Mwezi mmoja, ndugu zangu. Huo ni muda wa Ramadhani moja.

Sasa tuje kwenye sukari, ambayo ndiyo iliyonileta hapa. Wengi wetu twakijua kile kipimo cha kutoboa kidole. Ni kipimo kizuri, lakini kinasema habari ya saa ile tu. Na sisi tumeshajua kukichezea. Mzee ana kliniki Jumatatu, basi tangu Ijumaa chai ni kavu, mahamri hayagusi, na mwarobaini anakunywa juu yake. Jumatatu sukari iko sawa, daktari anamsifu, jioni ile ile karamu yaendelea. Aliyedanganywa hapo ni nani?

Kuna kipimo kingine ambacho hakichezewi hivyo, kinaitwa HbA1c. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna hemoglobini, ile inayobeba hewa ya oksijeni. Sukari iliyomo kwenye damu hujibandika pole pole kwenye hemoglobini, na ikishajibandika haitoki mpaka chembe ile ife. Chembe moja huishi kiasi cha siku 120. Kadiri sukari inavyokuwa juu, ndivyo hemoglobini nyingi zaidi inavyobandikwa. Kwa hivyo ukipima leo, unasoma habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Siku tatu za chai kavu hazibadilishi kitu cha maana. Aliyegundua kuwa wagonjwa wa sukari wana hemoglobini hii kwa wingi ni Samuel Rahbar, mtafiti wa Tehran kule Iran, naye alichapisha habari hiyo mwaka wa 1968. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kitumike kutambua ugonjwa wenyewe: asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari.

Na hapa pana jambo ambalo mimi naliona la kupendeza. Miezi ile haihesabiwi sawa. Karibu nusu ya hesabu hutoka kwenye siku 30 za mwisho. Ukipima mwanzo wa Shawwal, basi, kinachosomwa zaidi ni Ramadhani yenyewe: tambi za sukari, juisi ya unga, viazi vya karai na vinginevyo vya baada ya adhana ya Magharibi. Mtu amefunga mchana kutwa na kipimo chake kimepanda.

Lakini tusikichukue kipimo hiki kama hakimu asiyekosea, hasa sisi watu wa Pwani. Kinategemea chembe kuishi umri wake. Mwenye siko seli chembe zake hufa mapema, sukari haipati muda wa kujibandika, na kipimo hutoka chini kuliko ukweli. Wale waliopungukiwa na kimeng'enya cha G6PD mambo yao ni hayo hayo. Na upungufu wa madini ya chuma, ambao mama zetu wengi wanao, waweza kukipandisha. Kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna siko seli, mwambieni daktari kabla hajasoma karatasi. Atawapimia kwa njia nyingine, kwa mfano fruktosamini, ambayo huonyesha wiki mbili tatu zilizopita.

Kwa nini nayasema haya kabla ya mwezi kuandama? Mwaka wa 2001 ulifanywa utafiti katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, watu 12,243 wenye kisukari. Katika wale wa aina ya pili, karibu 8 kati ya 10 walifunga siku zisizopungua 15. Na visa vya sukari kushuka vibaya, mpaka mtu kulazwa, viliongezeka mara 7.5 katika Ramadhani. Hawa ni baba zetu na bibi zetu. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake katika Suratul Baqarah, lakini wazee wengi hawaitaki ruhusa hiyo. Mimi sioni faida ya kubishana nao usiku wa daku. Wapelekeni wapimwe wiki 6 hadi 8 kabla, ili daktari apange dawa upya na aseme wazi nani afunge na nani asifunge. Sheikh naye akiisikia kauli ya daktari atakuwa na msingi wa kumshauri mzee.

Na anayefunga, apime mchana. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu, hivyo ndivyo maulamaa wengi wa zama zetu walivyofutu, na kuogopa tone lile kumewaponza watu. Ikisoma chini ya 3.9, afungue pale pale, hata kama zimebaki dakika 10 kufika Magharibi. Ikipita 16.6, vile vile afungue. Ziandikeni namba hizi mbili, muzibandike kwenye mlango wa friji.

Maswali tutayachukua baada ya swala. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.