Kupima macho ya watoto ni nusu ya kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi wa chama, Lubunga)

Sitasema mengi, sababu kila mtu iko na kazi.

Tangu fujo za 2023 hapa Lubunga, watoto wetu wengi walipoteza masomo. Wengine walikaa ng'ambo ya mto, wengine porini, halafu wakarudi darasani, wakubwa wakikaa pamoja na wadogo. Mtoto kama huyo akishindwa kusoma, sisi wote tuko na jibu moja: «Ni vita ilimuharibu kichwa.» Mwalimu anasema hivyo, mzazi anasema hivyo, na mwisho mtoto mwenyewe anaamini. Lakini nani alishamuuliza kama anaona tablo?

Mtoto asiyeona mbali hawezi kukuambia. Anafikiri watu wote wanaona kama yeye. Angalieni wenyewe: anafinya macho, anaandika kwa kutazama kaye ya mwenzake, anashika kitabu karibu na pua, kichwa kinamuuma akitoka masomo.

Kupima si kazi ngumu. Kuna karatasi yenye herufi E, kubwa na ndogo, zimegeuzwa juu, chini, kushoto na kuume. Mnapima meta 6 kwa kamba. Mtoto anafunika jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza, na anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Halafu jicho lingine. Lazima jicho moja moja, sababu jicho zuri linaficha jicho baya. Mwalimu akifundishwa, anaweza.

Sasa neno lenye lilinileta. Kule Kenya, katika Trans Nzoia, walimu walipima watoto zaidi ya 20 000 kwenye shule 50. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Upande mmoja, watoto wenye shida walipewa barua tu ya kwenda hospitali: kati ya 100, walifika 22. Upande mwingine, walipima kwa simu, mzazi alipewa picha ya kumuonyesha namna mtoto wake anaona tablo, tena alikumbushwa kwa ujumbe: walifika 54. Tofauti ni kufuatwa. Na hata hapo, karibu nusu walibaki nyumbani.

Kwetu hapa, barua itabaki mfukoni zaidi. Kuna mto wa kuvuka, kuna pirogi ya kulipa, na siku ya shamba inapotea. Kwa hiyo naomba chama mambo matatu. Kwanza, kila jina la mtoto aliyekutwa na shida liwe na mtu mzima mmoja wa kulifuata, hata kama si mzazi wake. Pili, kila zamu ya likelemba itoe kidogo kwa pirogi na kwa miwani. Tatu, mtoto akipata miwani, tupite shuleni baada ya mwezi mmoja, tuone kama anaivaa ao wenzake wanamcheka mpaka anaificha.

Wengine wasingoje siku ya kupima. Mtoto mwenye doa jeupe katikati ya jicho, mwenye jicho jekundu la kuuma, mwenye jicho lililopigwa, ao mwenye kujikwaa jua likizama (huyu pengine anakosa vitamini A): apelekwe mara moja. Msitie maji ya majani wala mkojo ndani ya jicho. Na jicho lenye kupotoka msiliache. Mtoto akipita miaka 7 ao 8, ubongo unakuwa umezoea kutolitumia, na miwani peke yake haitalirudisha.

Tena dawa ya upofu wa mito, Mectizan, ikipita kwenye avenyu, wenye miaka 5 na zaidi waimeze, isipokuwa wale mgawaji atawakataza, kama mama mwenye mimba. Inzi wadogo wenye kuleta ugonjwa huo wanazaa kwenye maji ya mbio, na sisi tunaishi kati ya maporomoko. Mwenye aliikosa wakati wa kukimbia, asiikose tena.

Wenye kukubali kufuata majina, msiondoke. Kalamu iko hapa, tuandike avenyu kwa avenyu.