Mwangwi Unaolipa Deni: Uhura na Kumbukumbu ya Hadithi Ndefu



Hadithi inayoishi zaidi ya nusu karne haina budi kupita tena ilikopita. Swali langu jioni hii ni hili: inaporudi, inarudi kufanya nini? Nitalijibu kwa mfululizo wa televisheni wa Star Trek, wa safari za anga za mbali, ulioanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kwa kuwa ndani yake yumo mhusika anayetuhusu Wakenya: Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa kwanza na Nichelle Nichols. Dai langu ni kwamba mwangwi wenye thamani ni ule unaolipa deni lililoachwa na kipindi cha zamani.

Tuanze na kipindi cha mwaka 1967 kiitwacho "The Changeling". Nomad, mashine inayoamini kwamba kila chenye kasoro sharti kiangamizwe, inamsikia Uhura akiimba. Wimbo hauielei. Inaichunguza akili yake na kumfutia yote aliyoyajua. Baadaye tunamwona akifundishwa upya kusoma, neno baada ya neno, na anapokwama kwenye Kiingereza, Kiswahili kinamtoka. Kwa mtazamaji wa Nairobi, hapo pana habari nzito: mtu kanyang'anywa kila kitu, na lugha iliyosalia ni hii yetu. Lakini kipindi chenyewe hakikujishughulisha nayo. Lugha hiyo alifundishwa na nani? Kwao ni wapi? Sura za wazazi wake zilimrudia? Wiki iliyofuata Uhura yuko kwenye kiti chake, kana kwamba hakupoteza chochote.

Televisheni ya enzi hizo ilijengwa hivyo. Kila kipindi kilijitosheleza, ili vituo viweze kukirudia kwa mpangilio wowote. Mhusika alijeruhiwa leo, kesho mwandishi mwingine akamkuta mzima. Madeni yakarundikana.

Mwaka 2022 mfululizo wa Star Trek: Strange New Worlds, unaosimulia miaka iliyotangulia safari zile za kwanza, ulirudi kwa Uhura. Katika kipindi cha "Children of the Comet" yeye bado ni mwanafunzi wa uafisa, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Mezani kwa nahodha anaeleza kwamba alikulia Kenya, na kwamba wingi wa lugha za nchi hii ulimtia hamu ya kuzungumza na watu kwa lugha zao wenyewe. Anaeleza pia jinsi ajali ilivyowaua wazazi wake na kaka yake. Kisha, akiwa amekwama na wenzake ndani ya nyotamkia yenye mitambo isiyoeleweka, anavumisha wimbo, na mitambo ile inamwitikia. Viwekeni vipindi hivi viwili bega kwa bega. Mwaka 1967 sauti yake ilimponza mbele ya mashine isiyojua muziki. Mwaka 2022 sauti hiyo ndiyo inayofungua njia. Baadhi ya maswali niliyouliza punde yamejibiwa, na anayerudi kukitazama kile cha zamani sasa anajua Nomad ilifuta nini.

Mwangwi wa namna hii huonekana pia katika "A Quality of Mercy", kipindi cha mwisho cha msimu huohuo. Kinarudia mkasa wa "Balance of Terror" wa mwaka 1966, ila safari hii usukani uko kwa nahodha Pike badala ya Kirk, nahodha wa safari zile za kwanza. Adui ni yuleyule, mpaka ni uleule. Uamuzi wa Pike ni wa mtu mwema, na bado unaishia vitani. Marudio hayo yanatufanya tuupime upya uamuzi wa Kirk.

Linganisheni na filamu ya Star Trek Into Darkness ya mwaka 2013. Ilichukua kifo cha Spock, afisa na rafiki wa Kirk, kutoka filamu ya The Wrath of Khan ya mwaka 1982, ikawabadilishia nafasi: Kirk akafa, Spock akalia. Muda si muda damu ya Khan, adui yao, ikamfufua Kirk. Maneno yalirudiwa, msiba haukurudiwa. Mtazamaji aliombwa machozi ambayo filamu nyingine ndiyo iliyoyachuma.

Lakini hakuna alipaye deni asilolikumbuka. BBC ilifuta kanda nyingi za mfululizo wake wa Doctor Who za miaka ya 1960. Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria. London ilifuta, Jos ikahifadhi.

Nasi je? Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitupa Pumzi, filamu fupi ya ulimwengu uliokaukiwa maji, ambamo Asha anatoka kwenda kupanda mche. Siku moja kijana wa Kenya atataka kuijibu, kuipinga au kuiendeleza. Hali kadhalika vipindi vyetu vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilivyolea vizazi vya watazamaji. Ili vijana waweze kufanya hivyo, sharti wazikute kazi hizi. Kwa hiyo naomba vyuo vyetu vikusanye miswada na kanda za watunzi wetu, vizitunze kama tunavyotunza vitabu, na viwafungulie wanafunzi. Waandishi wa Marekani wamejaribu kumrudishia Uhura kwao. Kazi ya kuandika atakayemfuata ni yetu.