Wakati wa Sala Katika Nyumba Yenye Shughuli

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba usiku na mchana akavigawa kwa nyakati. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake: neno lisikikalo sana mjini Bujumbura ni hili, "Nafasi hakuna." Fundi wa magari wa Buyenzi hulisema naye amelala chini ya gari la watu. Mwenye kibanda hulisema sokoni. Mvuvi wa ndagala hulisema arejeapo alfajiri, baada ya kukesha ziwani na taa zake. Na mama mwenye watoto watano hulisema huku mmoja yuko mgongoni na sufuria iko motoni. Haifai kuwacheka watu hawa, kwani kazi zao ni za halali na jasho lao ni la kweli. Lakini neno lenyewe yafaa lipimwe.

Kwanza na itazamwe hesabu. Sala za faradhi ni 5, na rakaa zake zote ni 17. Asaliye kwa utulivu, asiyedonoa kama kuku, sala ya rakaa 4 haimchukui dakika 10. Basi hizo tano kwa jumla hazitimizi saa moja katika saa 24.

Tena Mwenyezi Mungu amewafanyia wepesi watu wakaao karibu na mstari wa ikweta. London, jua huchwa kabla ya saa kumi jioni mwezi wa Desemba, na mwezi wa Juni huchwa baada ya saa tatu usiku. Mwislamu wa huko hana budi kuubadili mpango wa nyumba yake mara kwa mara. Bujumbura sivyo. Mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka yapata dakika 14 kabla ya saa sita mchana, na katikati ya Februari yapata dakika 17 baada yake. Tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Na wakati wa Adhuhuri, ukishaingia, hudumu saa tatu na zaidi kabla ya Alasiri. Kwa hiyo mafundi wanne wa karakana moja waweza kupokezana, wawili wakasali na wawili wakabaki na kazi, wala mteja asione upungufu.

Dini haikuamrisha watu waache kazi. Katika Suratul Jumua, aya ya 9 na ya 10, waumini wameamrishwa waache biashara waitwapo kwenye sala ya Ijumaa, kisha sala ikiisha watawanyike wakatafute fadhila za Mola wao.

Lakini liko jambo lisilosemwa sana, nalo ndilo zito. Mwanamume akisikia adhana hufunga duka akaenda msikitini. Mkewe humwachia nani mtoto? Humwachia nani moto? Magharibi ndiyo sala yenye wakati mfupi kuliko zote, maana huisha wingu jekundu litowekapo. Na saa hiyo hiyo watoto wamerudi, wanataka kuogeshwa, na chakula hakijaiva. Mume hurejea msikitini moyo umetulia, akauliza, "Mama, umekwisha kusali?" Jawabu ya swali hilo iko mikononi mwake mwenyewe. Mwanamke wa nyumba hiyo hakuikataa sala. Amenyimwa nafasi na watu wanaompenda, nao hawajui kwamba wamemnyima.

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Watu wengi wameshika mwisho wa hadithi hiyo wakauacha mwanzo wake.

Basi mambo haya yafaa yafanywe. Baba akishasali Alfajiri, amchukue mtoto mchanga ili mama atawadhe na kusali bila ya haraka. Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, wateke maji jioni mapema. Chakula cha usiku kipikwe baada ya Alasiri, au kingoje mpaka Magharibi isaliwe. Imekuja katika hadithi kwamba chakula kikishaandaliwa na mtu ana njaa, aanze kula. Lakini si uzuri nyumba iwe na mazoea ya kuandaa chakula kila mara adhana inapolia.

Na asidhani mtu kuwa mtoto ni kizuizi cha ibada. Mtume (S.A.W.) alisali hali amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na aliposikia kilio cha mtoto katika jamaa, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa Imamu wa Mitume alikisikiliza kilio kile, vipi baba wa nyumba atajifanya hakisikii?

Watoto wameamriwa sala wafikapo miaka 7, na ukali haukutajwa ila wafikapo 10. Miaka 3 hiyo ina sala zaidi ya 5,000. Maana yake mzazi amepewa mara 5,000 za kumwita mwanawe kwa upole: "Njoo, baba, tusali." Ajabu ni mzazi ambaye hakumwita hata mara 100, kisha hulalamika kuwa kijana wa miaka 15 hamsikii. Katika Surat Taha, aya ya 132, mzazi ameamrishwa awaamrishe watu wake sala, na yeye mwenyewe adumu nayo. Mtoto huamini zaidi aliyoyaona kwa wazazi wake kuliko aliyoambiwa.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za Waislamu wa mji huu ziwe nyumba za kusaidiana katika ibada, awape baba zao huruma, mama zao nafasi, na watoto wao mazoea mema. Amin.

Wabillahi Taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.